Bangili ya Mwanabaraka

Bi Tabu wa Temeke, msuka makuti, alikuwa na mdomo, jamani! Mkaza mwanawe, Mwanabaraka, alipobeba mimba ya kwanza, mtaa mzima ulikoma. Kila Jumatano Bi Tabu alimpeleka kliniki, yeye mbele, utadhani mimba ni yake.

Ndipo ikaingia ndui. Vita vya Wazungu vilikuwa bado havijaisha, na manesi wote wakatawanywa kwenda kuchanja watu. Jumatano hiyo wakakuta mlango umefungwa, askari kasimama kando.

"Kliniki hakuna mpaka ndui iishe," akasema. "Ila mwenye shida aseme, gari la hospitali kubwa hilo hapo."

Mwanabaraka akamnong'oneza mkwewe, "Mama, kichwa kinanigonga, na macho yanaona ukungu."

"Aa, mimba hiyo, mwanangu!" Bi Tabu akamgeukia askari akicheka. "Shida gani, baba? Mtazame alivyonona! Juzi bangili imembana mpaka sonara kaikata."

Kweli alikuwa amejaa mikono, miguu, hata uso, na majirani walimsifu kwamba mimba imemkubali. Ile bangili Bi Tabu aliifunga kwenye pindo la kanga, akawa anawaringia wenzake kisimani. Nani wa kumwambia vingine, na wanaojua wako kwenye chanjo?

Wiki ya tatu Mwanabaraka akaanguka jikoni, akakakamaa, povu likamtoka. Wakasema shetani, wakamfukizia ubani. Mtoto alitoka hai, wa kike. Mama yake hakufumbua macho tena.

Ndui ilipopungua, kliniki ikafunguliwa. Bi Tabu alifika wa kwanza, mjukuu mgongoni. Nesi Bernadeta akasoma kadi ya zamani: "Mwanabaraka binti Mwishehe!"

"Hayupo, mwanangu. Shetani kamchukua. Na alivyokuwa kanona, masikini!" Akafungua pindo, akaiweka bangili mezani.

Nesi akaigeuzageuza. "Bibi, alikuwa akilalamika kichwa? Macho?"

Bi Tabu akaitikia kwa kichwa tu. Nesi akamweleza taratibu kwamba kule kujaa hakukuwa kunona, kulikuwa kuvimba. Ulikuwa ugonjwa wa mimba, na hospitali kubwa wangemlaza.

"Na gari lilikuwepo," Bi Tabu akasema. "Lilikuwepo, mie nikacheka."

Akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi nesi. "Mtazame wewe, mwanangu. Mie sijui kunona wala kuvimba."

Akalia pale pale kwa sauti, wanawake wote wa kwenye benchi wakimtazama.