Mesiye na Tantine

Jéthro Kitwa aliishi kwa kusema maneno ya wengine, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Ujanani alikuwa karani wa telegrafu katika stesheni ya Kamina. Treni zilipoanza kuja siku zinapojisikia, na mshahara nao ukafuata tabia ya treni, akahamia kwenye phonie ya Papa Kazadi, karibu na soko. Phonie, kwa asiyeijua, ni redio ya kusemea: mashine juu ya meza, betri ya gari chini yake, waya mrefu umepandishwa juu ya mlingoti. Mtu wa Kamina anaongea na mtu wa Likasi kwa zamu, na akimaliza lake anasema à vous ili mwenzake aanze. Simu za posta zilikuwa zimekufa zamani sana, na hakuna aliyejisumbua kuzililia. Ukitaka kujua kama mama mkwe amefika salama, unakwenda kukaa kwenye benchi la Jéthro.

Papa Kazadi alikuwa na mashine mbili, na matata yote yalianzia hapo. Ya zamani ilikuwa kubwa, ya kijivu, imejaa mikwaruzo, na mbele yake ilikuwa na kidude cha mviringo cha kuzungusha. Ukikizungusha polepole unapita katikati ya sauti za dunia nzima: wavuvi wa ziwa Kisale, mapadri, askari, watu wa Angola wakigombana kwa Kireno, mtu fulani anayeulizia mahindi Kaniama. Ilimpokea kila mtu, na ilipiga makelele. Watu wa benchi waliiita Tantine, yaani shangazi.

Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi, ndogo, ya vibonye vitupu. Fundi wa Lubumbashi alikuwa ameipangia chaneli zake, akazifunga, akarudi kwao. Unabonyeza, Lubumbashi inaitika, sauti safi kama ya mtu aliye nyuma ya pazia. Lakini yule ambaye fundi hakumtia ndani, kwa mashine hiyo alikuwa bado hajazaliwa. Hiyo waliiita Mesiye, yaani Bwana.

Watu wa Kamina wanyime chumvi watavumilia, lakini usiwanyime jambo la kubishania. Asubuhi nzima benchi lilikuwa limegawanyika, hawa wa Mesiye na hawa wa Tantine, na waliokuja kutuma neno moja tu walijikuta wamekaa mpaka jua la saa sita.

"Mesiye njo mashini ya bantu benye kusoma," alisema mwalimu Ézéchias, wa shule ya Wametodisti, mtu wa tai hata siku ya mvua. "Unabonyeza, unasema, unaenda. Hapana kulalamika sawa muntu anaita mbuzi yake."

"Na ndugu yangu wa Kabondo-Dianda, Mesiye anamujua?" aliuliza Mama Noémie, muuza samaki. "Hamujui. Tantine anamujua."

"Ndugu yako anunue mashini ya muzuri."

"Anunue na nini, mwalimu? Na magamba ya samaki?"

Benchi likacheka. Ila mwalimu Ézéchias mwenyewe, alipokuwa na maneno ya aibu na wakwe zake, aliomba Tantine kwa sauti ya chini. Kelele zake zilifunika mambo, wakati kwa Mesiye kila sikio la benchi lingepata haki yake. Watu wanasema wanapenda hiki, kumbe wanapenda hiki leo.

Jéthro, alipoulizwa upande wake, alikuwa akijibu kwamba yeye ni mzazi wa wote wawili. Haikuwa kweli. Masikio yake yalimtaka Mesiye. Miaka ya kusikiliza mikwaruzo ya Tantine ilikuwa imemwachia mvumo kichwani ambao haukuondoka hata kanisani, hata wakati wa kula, na mke wake Élisa alikuwa amezoea kumwambia kila jambo mara mbili. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Tantine, kwa sababu ya Mira.

Mira alikuwa mtoto wao wa mwisho, mwalimu, ameolewa na muuguzi huko Manono. Vita vya mwaka wa tisini na nane vilipoingia Katanga, mstari wa mapigano ulikata katikati ya baba na binti. Barabara zikafungwa, barua zikakoma, na ndege zilizokuwa zikivuma juu ya Kamina zilikuwa za askari tu. Kilichobaki ni Jumapili. Baada ya ibada, Mira alikuwa anakwenda kwenye mashine kuukuu ya shemasi mmoja wa kule, na huku Jéthro anamzungusha Tantine. Hawakuwa na mahali pa kudumu pa kukutania hewani, maana askari walikuwa wanavamia kila mahali: leo unampata juu kidogo, Jumapili ijayo chini kidogo, na ni lazima mkono utafute. Mesiye hakuwa na mkono wa kutafuta. Na kwa kuwa kuongea na upande ule kungeweza kumpeleka mtu gerezani, waliita Manono "shambani" na wakasema machache. Tuko. Na sisi tuko. Mama anasalimia. À vous. Kwa maneno hayo Élisa aliishi wiki nzima.

Kisha ofisi ya usalama ikatoa amri: kila nyumba ya phonie ibaki na mashine moja, nyingine iletwe. Papa Kazadi alizipenda mashine zake lakini hakujua hata kuziwasha. Akamwita Jéthro pembeni.

"Weye njo unatumikaka nazo. Chagula. Ile utasema, njo tutabakisha."

Mtu angedhani benchi lingenyamaza kwa woga. Thubutu! Sasa ndipo ubishi ulipopata mafuta. Watu wa Mesiye walikuwa wengi, na kwa kweli walikuwa na haki: wateja wa Lubumbashi na Likasi ndio waliokuwa wakiilisha nyumba hiyo. Jéthro, mtu wa maneno ya wengine, kwa mara ya kwanza akatoa ya kwake. Akasema Mesiye anakula betri. Ulikuwa uongo mtupu, na Mama Noémie peke yake ndiye aliyeuunga mkono, naye kwa sababu zake. Kwa watu wa ofisi, ili apate muda, Jéthro alisema mwenye mashine amesafiri. Papa Kazadi akajifungia nyumbani kwake akila mihogo na kuchungulia dirishani, ili uongo huo uwe na miguu.

Siku hizo hizo Mama Noémie aliitwa kutoka Kabondo. Jéthro alivaa visikilizio, akasikiliza, akasema reçu, yaani nimepokea, akavivua.

"Mama, ndugu yako iko mugonjwa. Ufanye uende."

Mama Noémie hakuuliza anaumwa nini. Alivuta kitenge juu ya kichwa na kulia palepale, kabla Jéthro hajamaliza kukunja waya. Hivyo ndivyo ilivyo huko. Kifo hakitajwi kwenye phonie. Kinaitwa ugonjwa, familia inaambiwa iende au ikusanyike, na mwenye akili haulizi zaidi, kwa sababu kuuliza ni kumlazimisha mwenzako aliye mbali aseme neno ambalo halisemwi hewani. Jéthro alikuwa amepitisha vifo vingi kwa njia hiyo, kwa upole, na watu walimshukuru. Kila kimoja kilimwachia uzito wake, naye hakujua pa kuutua.

Jumapili iliyofuata alizungusha muda mrefu. Tantine alikuwa mbaya siku hiyo, anakohoa na kupiga miluzi. Mwishowe ikatokea sauti, lakini haikuwa ya Mira. Ilikuwa ya mwanamume, ya shemasi.

"Kamina, Kamina. Hapa shambani. Mira ni mgonjwa sana. Waambie familia. À vous."

Élisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Jéthro alishika kidude cha kusemea, na kidole kikakataa kubonyeza. Upande wa pili shemasi alikuwa kimya, anangoja. Jéthro alijua kwamba anangojwa. Alidhani anangojwa aseme lile moja linalosemwa.

"Reçu," akasema.

Akazima mashine, maana hakuweza kuvumilia mikwaruzo ile hata kidogo zaidi. Élisa alikuwa ameshakaa chini sakafuni.

Waliomboleza bila maiti. Majirani walikuja, kwaya ya kanisa ikaimba, mikeka ikajaa ua wote, na Élisa akanyolewa nywele na dada zake. Mwalimu Ézéchias alikaa hapo bila tai, hakubishana na mtu. Jéthro alipokea mikono ya watu na kuitikia, lakini ukweli ni kwamba alitaka kitu kimoja tu, kulala mahali pasipo na sauti.

Matanga yalipovunjika alirudi kazini. Papa Kazadi, aliyekuwa amechoka kusafiri ndani ya nyumba yake, akamuuliza taratibu kama amechagua.

"Bakamate Tantine," Jéthro alisema. "Masikio yangu imechoka."

Aliifunga mwenyewe kwenye karia ya baiskeli, akaisukuma mpaka ofisini, akaiacha mlangoni pamoja na nyingine za mjini, maana karibu kila nyumba ilikuwa imechagua hivyo hivyo. Njiani kurudi alijisikia mwepesi, na wepesi huo ukamtia haya. Tangu hapo alifanya kazi na Mesiye peke yake. Alibonyeza, watu wakaitika. Hata mvumo kichwani ulipungua kidogo. Mama Noémie hakuja tena.

Siku moja, katikati ya mvua za masika, akaingia mtu aliyekonda, miguu imevimba, amebeba mtoto mgongoni. Alitaka kuwaambia ndugu zake wa Likasi kwamba yuko hai. Alikuwa Kabamba, muuza nguo aliyekuwa jirani yake Mira na aliyewajua wazazi wake tangu harusi, ametoroka Manono kwa miguu, kisha kwa mtumbwi, kisha kwa miguu tena. Alipomwona aliyekaa mezani akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Papa Jéthro? Weye uko muzima?"

"Niko, mwana wangu. Juu ya nini?"

"Kule tulibalilia. Weye na mama Élisa. Mira alitandika mukeka, tukakaa naye, tukaomba."

Jéthro alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Mira nani?"

"Mira yako, papa. Mira iko. Ilikuwa malari, alikonda, alipona. Shemasi alikuita, akakuambia, akangoya uulize ni ugonjwa gani. Weye ukasema reçu tu, ukafunga. Akashangaa." Kabamba alimweka mtoto chini. "Shemasi haiko muntu ya kwetu, papa. Iko muntu ya Kindu. Anasema kintu sawa vile iko."

Jéthro aligeuka kutazama mahali Tantine alipokuwa akikaa.

"Nyuma ya pale, kila siku ya Mungu Mira anaita, anaita. Kamina haiitike. Njo tulisema bomu iliangukia nyumba yenu."

Jéthro hakumaliza hata kumtumia ujumbe wake wa Likasi. Alikimbia ofisini kwenye mvua, mzee wa mvi, viatu vikimvuka. Pale mlangoni hapakuwa na mashine hata moja. Askari wa zamu alimwambia kwamba zote zilipakiwa kwenye lori siku nyingi, na kama anataka phonie, si anayo moja kwake? Jéthro alimwambia kwamba anayo.

Nyumbani Élisa alisikiliza habari mpaka mwisho, kisha akamwomba aiseme tena, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mvumo wa mtu yeyote. Alicheka, akalia, akashika kichwa chake kilichoanza kuota nywele fupi. Akatafuta viatu.

"Twende ku phonie. Nisikie sauti yake. Anaomboleza batu bazima!"

"Tantine haiko tena, Élisa."

"Nani aliitoa?"

"Minyi," Jéthro alisema, akijigusa kifua.

Élisa alikuwa na haki ya kupiga kelele, na Jéthro angefurahi kama angepiga. Badala yake aliweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, akakaa kitandani.

Walitafuta. Waliuliza kila nyumba ya phonie mjini, na kila nyumba ilikuwa na mashine ya vibonye, safi, nzuri. Walitafuta mtu wa kurudi Manono, lakini wote waliotoka huko walikuwa wanakimbia kuja upande huu.

Jumapili, baada ya ibada, Jéthro alifungua phonie, ijapokuwa haikuwa siku ya kazi. Élisa alisimama nyuma ya kiti. Akabonyeza chaneli ya kwanza, akamwita Mira kwa jina lake kamili, bila kuficha chochote. Likasi ikajibu, sauti safi kabisa, ikauliza anayeita ni nani. Akabonyeza ya pili, akaita. Kolwezi ikajibu. Akapita chaneli zote ambazo fundi alikuwa amezipanga, akiita jina lile lile, na kila mahali palikuwa na mtu, mwenye adabu, anayesikika vizuri, anayeuliza kama anaweza kusaidia. Jéthro aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwamba hapana, asante, anamtafuta mtu mwingine.