Chai ya Were Mlangoni

Ile nyumba ya mawe kule Karen, Nairobi, imehifadhiwa kama makumbusho, vile vile mama mzungu mwenye shamba la kahawa alivyoiacha. Kitanda kimetandikwa, vikombe viko mezani, saa ya ukutani imenyamaza. Kazi ya Lornah ilikuwa kupiga sakafu polishi, amepiga magoti, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ili asisumbue wageni.

Wageni walikuja kwa ajili ya huyo mama mzungu. Janice, msichana aliyewatembeza, aliwasimulia vile yule mama alifia chumba cha juu na bado hutembea humo mchana. "Mkisikia miguu, msikimbie, hamjalipia mbio," huwaambia, nao hucheka huku wakisogeleana. Lornah huinamia kitambaa chake. Miguu alikuwa akiisikia kweli, lakini si huko juu. Ilikuwa kwenye mlango wa jikoni, na haikuwa ya mama.

Mume wake, Were, baba wa mtoto wao Quincy, alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyo hiyo. Mwaka wa 2004 alitumwa mjini, River Road, kununua mpira wa maji. Akavua gambuti, viatu vyake vya mpira vya kazi, akavaa viatu vya mjini, akaenda. Hakurudi. Lornah alizunguka hospitali, vituo vya polisi, hata mochari, na picha yake ndani ya Biblia. Hakuna aliyemwona.

Mvua ilipoanza, alasiri moja, akasikia gambuti zikikung'utwa matope kwenye ngazi ya jikoni, vile Were alivyofanya akija kunywa chai. Akafungua. Hapakuwa na mtu, ila hewa ilinuka nyasi zilizotoka kukatwa. Alimwomba Mungu amwonyeshe kama ni jambo jema au baya. Alipoona kimya, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akakiweka ngazini. Tangu hapo kila alasiri aliweka chai, na kila alasiri gambuti zilikuja.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka Sifuna, mdogo wa Were, alipokuja kutoka kwao Webuye. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kofia magotini.

"Shemeji, wazee wamechoka kungoja. Tunataka tuzike mgomba mahali pa mwili, kama mila yetu, kaka apumzike. Na wewe mke wake usipokuwa pale, haiwezekani."

"Nizike mgomba na mume wangu yuko?"

"Yuko wapi? Nionyeshe nimsalimie. Alienda na koti yangu."

Lornah alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Mgomba ukishaingia udongoni, Were atakuwa amekufa kabisa, na yeye atabaki na alasiri tupu mpaka uzee wake.

Hapo ndipo gambuti zikakung'utwa nje. Mguu mmoja, halafu wa pili.

Sifuna aliinuka, akafungua mlango, akasimama akitazama ngazi. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hii chai ni ya nani?"

"Ni yake. Namwekea kila siku."

"Shemeji. Mtu ukimwekea chai mlangoni kila siku, ataendaje kwao? Umemsimamisha hapo, mvua yake, jua lake. Na ndani humkaribishi."

Lornah akashika meza. Ni kweli. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia karibu, kwa sababu aliogopa. Alidhani anamtunza, kumbe amemfunga nje kwenye nyumba ya watu.

"Nifanye nini?"

"Mwite wewe, tumpeleke nyumbani. Sauti yangu hataifuata. Halafu usigeuke nyuma mpaka tufike Webuye."

Alichukua shuka yake. Akasema moyoni, Bwana, kama hii ni dhambi, ni yangu, usimhesabie yeye. Alitoka, akamwaga chai kwenye nyasi.

"Baba Quincy," akaita taratibu, kama anayeamsha mtu. "Umefanya kazi ya kutosha. Twende nyumbani."

Wakashika njia ya kokoto, Sifuna mbele, yeye akifuata. Nyuma yake kokoto zikaanza kulia chini ya miguu mizito, bila haraka. Harufu ya nyasi ilimfikia shingoni. Alitamani kumwona mara moja tu. Akakaza macho kwenye mgongo wa Sifuna na machozi yakashuka hivyo hivyo.

Langoni alikuwa Odero, mlinzi, mtu wa Siaya. Alifungua, wakapita wote wawili. Lakini hakufunga. Alivua kofia, akashusha macho, akalishikilia lango wazi vile unavyomngojea mtu wa nyuma apite, kisha ndipo akalirudisha polepole.