Lema Asiye Wetu

Aibu nyingine huisha mtu akihama mji, ila mimi nilihama Riverdale Park, pembeni mwa jiji la Washington, nikaenda kuishi Springfield, ng'ambo kabisa ya mto, na wiki ya kwanza tu dada mmoja wa Kitanzania nisiyemjua akanikazia macho dukani, akaniuliza, "Samahani kaka, wewe si yule wa baba mdogo?" Nikakubali, ningefanyaje. Basi bora niwasimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia huniongezea machozi ambayo sikulia.

Naitwa Elisante Lema. Kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, jina hilo si kitu cha ajabu, lakini Marekani, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilikuwa sijakutana na Lema hata mmoja, na kila nilipojitambulisha niliulizwa linaandikwaje na maana yake nini. Maana yenyewe siijui. Babu alisema ni mtu asiyeshindwa, shangazi akasema Babu anajipendelea, na watoto wa shule ya msingi Dar (tulihamia huko Baba alipopata kazi) waliamua, bila kumshauri mtu, kwamba mimi ni kilema aliyedondosha "ki" yake njiani.

Sasa, kwenye ukoo wetu yuko baba mdogo Aminieli. Alikwenda Marekani kusoma kabla sijazaliwa, akaandika barua miaka michache, halafu kimya. Bibi, mama yake mzazi, hakukubali kamwe kwamba mwanawe amekufa. Nilipopata viza, neno lake la mwisho kwangu halikuwa soma kwa bidii wala Mungu akutangulie, lilikuwa, "Kamtafute mwanangu." Nami nikaitikia, nikidhani Marekani ni kama Moshi mjini, unauliza wawili watatu unaelekezwa.

Asubuhi moja natoka kazini (nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee), nimesimama kituo cha basi pale Route One nikisinzia, likapita gari la mafundi wa mapaa, ubavuni limeandikwa kwa herufi nyekundu: A. LEMA. Chini yake namba ya simu. A, nikajiambia, Aminieli. Usingizi ukaruka, nikaishika ile namba kichwani kwa kuitamka kwa sauti njia nzima, mpaka mama mmoja kwenye basi akahama kiti.

Nikapiga, ikapokea mashine. Nikaacha ujumbe kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kwamba na mimi ni Lema, nadhani sisi ni ndugu, na nyumbani wanakutafuta. Jioni akanipigia binti yake, Kiingereza chake cha kuzaliwa hapohapo, akasema baba ameurudia ujumbe wangu mara nyingi na amefurahi mno, kwa sababu ndugu zake nao wametawanyika. Nikamuuliza baba alizaliwa wapi.

"Milimani," akasema. "Chini ya mlima wa volkano."

Na Kilimanjaro ni nini kama si volkano.

"Ndizi zipo huko?"

"Zimejaa nchi nzima."

"Na aliondoka zamani?"

"Kabla sijazaliwa."

Swali moja lilikuwa limebaki, la nchi gani, na lilinifika mdomoni, nikalimeza. Niliona ni utovu wa adabu kumuuliza binti wa baba yangu mdogo kwamba baba yako katoka nchi gani, atadhani tunamshuku. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kazini nilikuwa na Wambui, Mkenya, zamu yetu moja. Nikamweleza. Akaniuliza, "Na jina lake la kwanza?"

"Linaanza na A."

"Elisante, A ni herufi, si jina. Uliconfirm ama una-guess?"

Nikamwambia mambo ya Wachaga hayaelewi, nikanunua kadi ya simu nikampigia Mama, ambaye alikuwa amesharudi kuishi Machame. Nilimsihi asimwambie Bibi kwanza, akaniahidi, na nina hakika aliitimiza ahadi hiyo muda wote aliotumia kutembea kutoka kwake mpaka jikoni kwa Bibi. Jumapili habari ikatangazwa kanisani Machame. Huku Marekani Mzee Munisi, mwenyekiti wa Wamachame wa Washington na vitongoji vyake, akaomba ukumbi wa chini ya kanisa, mimi nikamwalika yule mzee na familia yake kupitia binti yake, kina mama wakapika machalari kwa ndizi za maduka ya Wasalvador pale jirani, na kijana mmoja akajaribu kutengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi, akapata kitu ambacho bado hakina jina. Nyumbani nako wakapanga kuchinja mbuzi siku hiyohiyo, ili Bibi azungumze na mwanawe kwa simu nyama ikiwa jikoni.

Siku ikafika, ukumbi umejaa, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mfupi mwenye mabega mapana, kofia nyeusi mkononi, nywele zake ndefu zimesukwa mkia mmoja hadi kiunoni. Nyuma yake mkewe, wanawe, wakwe na wajukuu, na masufuria ya mahindi na nguruwe wa kuoka. Walikuwa Wahindi Wekundu wa Ekwado, na yeye aliitwa Alfonso. Ukumbi ulinyamaza wote isipokuwa Mzee Munisi, ambaye alikuwa ameshaanza hotuba kwa Kimachame, amefumba macho kwa hisia. Aliendelea. Alimkaribisha mwana wa Machame aliyepotea akapatikana, akamtajia mito, akamtajia na vihamba, mashamba ya ukoo yanayomsubiri. Alipofumbua macho akamtazama mgeni, kisha akanigeukia mimi, akauliza taratibu, "Elisante, huyu ni nani?"

"Ni Lema," nikasema.

Mzee Alfonso naye alikuwa akizungusha macho ukumbini, sura baada ya sura. Binti yake akaninong'oneza, "Baba anauliza mdogo wake yuko wapi." Kumbe alikuwa na mdogo wake aliyepotelea New Jersey, na ujumbe wangu alidhani umetoka kwa watu wake. Hapo nikajua sikujiaibisha peke yangu, nimemvunja moyo na mtu wa watu. Nikamwomba radhi, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Aliposikia habari za baba mdogo Aminieli alinishika bega, akamwambia binti yake kitu. "Anasema chakula kisipoe."

Tukala. Tuligundua mezani kwamba kwao Lema ni wengi, sokoni ukiita jina hilo nusu ya watu wanageuka, na maana yake hata yeye haijui, babu yake alimwambia tu ni la zamani kuliko ujio wa Wahispania. Mzee Munisi akaanza kumfundisha kusema machalari. Nilikuwa ndiyo nimeanza kupumua simu ikaita.

Alikuwa Mama, na Bibi pembeni yake. Nikawaeleza ukweli wote. Mama akasema, "Elisante, mbuzi ameshachinjwa," kana kwamba ningeweza kumshona. Lakini Bibi akaichukua simu, akasema apewe huyo mtu hivyohivyo.

Mzee Alfonso akaiweka sikioni. Bibi alizungumza Kimachame kwa muda mrefu sana, nilisikia mpaka jina la marehemu Babu, na mzee yule aliinamisha kichwa akasikiliza neno kwa neno, akiitikia kwa Kihispania "sí, mamita", ndiyo mama, kwa upole kila Bibi alipovuta pumzi. Aliponirudishia simu nikasikia Bibi anapenga kamasi.

"Si yeye," akasema. "Aminieli hajawahi kunisikiliza hivi bila kunikatiza. Mwambie ahsante. Na wewe, siku nyingine uliza."

Baba mdogo hatujampata mpaka leo. Tangu siku ile nimeapa kwamba jina si undugu mpaka nimeuliza, na nauliza kweli. Miaka michache baadaye nilipanda teksi, dereva jina lake limebandikwa mbele: Lema. Nilimuuliza nchi, mji, na jina la mama yake, ndipo nikathubutu kusema la kwangu. Alikuwa Mhabeshi. Akanieleza kwamba kwao hilo si jina la ukoo, ni jina la baba yake tu, na maana yake ni "amestawi". Maana nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikamshukuru, nikashuka, na nyumbani sikumpigia mtu.