Kibali cha Mikono ya Mistari

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, wateja wanamwita Mistari, kwa sababu akigawa nywele njia inanyooka utadhani amepiga rula. Na anajijua. Mtu akiingia saluni na kichwa kilichosukwa kwingine, humzunguka mara moja na kuuliza, "Pole, dada. Ulianguka?"

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba viungo. Asubuhi hata kifungo cha blauzi hafungi. Vidonge vya bei rahisi vilimchoma tumbo na uvimbe ukabaki pale pale, ndipo daktari akamwandikia dawa nyingine, ya ghali. Kwenye dirisha la dawa wakamwambia bima hailipi mpaka itoe kibali. Mwingine angerudi analia. Yeye alirudi akicheka. "Watatoa tu. Kaka yako anakatwa mshahara kila mwezi, walidhani tunawachangia harusi?"

Alipiga simu bima kila siku, ameiweka spika juu ya droo ya vitana, muziki wa kusubirishwa ukilia mpaka wateja wakaukariri. Huku akisubiri, alikuwa anaanza kichwa, anagawa mstari mmoja au miwili, kisha: "Wifi, malizia, nisije nikakatiwa." Nami namalizia. Ukweli tuliujua sisi wawili: kusuka kulikuwa kumemshinda. Aliniapisha nisiseme, maana mteja akijua msusi hana mikono, huyo amekwenda.

Siku moja, saluni imejaa, simu ikapokelewa na daktari wa bima mwenyewe. Ripoti ameisoma, akasema, ila ana swali. "Mama, bado unaweza kufanya kazi yako?"

Wifi, ambaye hukujibu kabla hujamaliza kuuliza, akaikodolea macho simu. Akisema anaweza, dawa hapati. Akisema hawezi, wateja hao wanasikia. Nikanyoosha mkono nizime spika. Akanichapa kofi la mkono.

"Siwezi," akasema, kwa sauti ile ile ya kuitia wateja. "Anayesuka ni wifi yangu. Mimi nagawa tu. Andika hivyo, daktari, na uandike kwamba naitaka mikono yangu."

"Nimeandika. Kibali utatumiwa leo."

Simu ikakatwa. Mwalimu mmoja, niliyekuwa nimemfikisha nusu kichwa, ndiye aliyesema kwanza.

"Mistari, hilo tunalijua siku nyingi. Mkono wa wifi yako unavuta huo! Mimi nikitoka hapa silali."

"Kweli kabisa," wengine wakadakia, bila haya, na mimi nimesimama pale pale. Nikanuna.

Mistari akageuka. "Sasa kama mnaumia, mbona mnarudi?"

"Si tunakungoja wewe," mwalimu akasema.

Wifi akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia mbele ya watu wote, wala hakujifunika uso.