Mwaliko wa Ukutani

Jugal Vyas huwatembeza wageni ndani ya ngome ya Jaisalmer, na mdomo wake haujui likizo. Wageni humfikia wakiwa hoi kwa ngazi za majumba ya Jodhpur na Bikaner, naye huwachekesha mpaka wasahau magoti. Akimaliza kasri ya mfalme huwaleta uchochoroni kwetu, ninapouza mashuka, awaonyeshe ukuta wa nyumba yake.

Huku kwetu harusi hutangazwa ukutani: mungu Ganesh, mwenye kichwa cha tembo, huchorwa kando ya mlango, chini yake majina ya maharusi na tarehe. Safari hii bibi harusi alikuwa Kesar, bintiye Jugal, na harusi ilikuwa kesho.

"Huu ni mwaliko," Jugal akawaambia wageni wake. "Ukishausoma, umealikwa. Hata wewe mwenye kofia, njoo ule."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mlango wa pili ni wa kaka yake, Tansukh, na hawa wawili hawakuwa wakisemezana tangu wagombane juu ya maji ya jikoni kwa Jugal yaliyokuwa yakivujia ukuta wa mwenzake. Ndugu wa damu haalikwi kwa ukuta. Unamwendea mwenyewe na mchele uliopakwa manjano, unamtilia mkononi. Jugal alikuwa ameupeleka mtaa mzima, hata kwangu, akaruka mlango mmoja tu. Kesar alishalia mpaka macho yakavimba, maana baba mkubwa ndiye aliyembeba mabegani utotoni, na aliapa hatoki nyumbani bila baraka zake.

Mmoja wa wageni, Bi. Kulkarni, mama mwenye maswali mengi kutoka mji wa Pune, akauliza, "Na jirani huyu, naye anakuja?"

"Huyo kaka yangu," Jugal akasema. "Ukuta anauona kila siku."

Dirisha la juu la mlango wa pili likafunguka, Tansukh akachungulia. "Mama, mwambie huyo mtembeza watu mimi sina miwani."

"Mwambie miwani iko puani kwake."

"Basi mwambie kuta ni za wageni. Mimi ni mgeni hapa?"

Bi. Kulkarni hakumwambia mtu kitu. Alimtazama Jugal, kundi zima likamtazama, nami nikaacha kukunja shuka. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Akaingia kwake, akatoka na mchele kiganjani, manjano yakimchafua shati, akabisha mlango wa pili.

Tansukh akafungua.

"Kaka, Kesar anaolewa kesho."

"Nimesikia."

"Njoo. Bila wewe sitaweza."

"Na bomba lako?"

"Nitaliziba."

"Ulisema hivyo Kesar akiwa chekechea," Tansukh akasema, lakini mkono alishaukinga.

Nyuma yake, kwenye kamba, kilikuwa kimeanikwa kilemba chake kirefu cha kuvaa harusini. Kilikuwa kimetoka kutiwa rangi ya waridi, na maji yake yalikuwa bado yanadondoka sakafuni.