Nusu ya Njia ya Shule

Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi Khasandi, mdogo wangu Ayuma, mgongoni mwangu, ndugu yetu Shikuku, ametangulia mbele, na jirani yetu Mama Sifa, anayekaanga mandazi karibu na daraja.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawa napalilia miwa ya watu huku Shianda. Miguu ya Ayuma haijawahi kumbeba tangu azaliwe. Ana kiti cha magurudumu, lakini mvua ikinyesha matrekta ya miwa huchimba barabara na kiti hukwama. Kwa hiyo nilimbeba hadi shuleni. Shikuku, wa miaka kumi na sita, alitangulia kama mtu asiyetujua.

Mgongo ulianza kuniuma wakati wa palizi. Maumivu yalishuka hadi kisiginoni, yakichoma kama pilipili. Nilimeza dawa za dukani, nikanyamaza. Asubuhi ile, darajani, miguu yangu ilikufa ganzi. Tukaanguka matopeni. Mkojo ulinitoka bila mimi kujua. Mama Sifa akapiga kelele, Shikuku akarudi mbio.

Hospitalini Kakamega daktari alisema, "Diski ya uti wa mgongo imetoka, imebana mishipa ya fahamu. Tunapasua leo." Nilipozinduka akaongeza, "Dada, huyo mtoto hutambeba tena."

Hapo ndipo nilipolia. Ayuma alikuwa Gredi ya Tisa, mtihani unakaribia. Nani angemfikisha?

Nyumbani, Ayuma ndiye aliyenipangusa mwili, ameketi sakafuni kando ya kitanda. Shikuku alitoa baiskeli ya marehemu baba, akafunga kiti cha plastiki kwenye keria kwa mipira ya tyubu.

"Kumbe unaweza?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naogopa nitamwangusha, dada. Nilidhani ni wewe tu unajua kumbeba."

Mama Sifa alinisimulia yaliyotokea njiani. Vijana walimwita, "Shikuku, leo umepakia miwa?"

Ayuma akawajibu, "Tangu lini miwa ikawa na mdomo? Dereva, twende!"

Shikuku alicheka hadi baiskeli ikayumba. Ayuma hakukosa mtihani hata mmoja. Sasa yuko sekondari, kwenye barabara ileile.

Namshukuru Mungu, madaktari na Mama Sifa. Wewe unayemlea ndugu kama Ayuma, usinyamazie mgongo. Na vijana wako wape nafasi ya kusaidia kubeba, hata wakionekana hawataki.

Natembea sasa, polepole, kisigino bado kina ganzi. Kila asubuhi Ayuma hunichokoza: "Dada, uliniangusha darajani. Bado nakudai nusu ya njia."

Nitamlipa kwa kutembea naye hadi kwenye lango la shule. Leo nimefika darajani.