Dada Aliposimama na Beseni

Neno balerina lililetwa kwetu Paya na dada yangu, aliyekuwa yaya kwa Wazungu wa Tororo, miaka ile ya sitini. Binti wa mwajiri wake alifundishwa kucheza akisimama juu ya vidole vya miguu, na dada akajifunza kwa kumtazama tu. Akija nyumbani Jumapili alituonyesha uani, kuku wakimkimbia. Sisi tukamwita jamyel, mcheza ngoma, maana jina lingine hatukuwa nalo. Mjukuu wangu anasema siku hizi balerina ni viatu bapa. Sijasoma sana, sibishi.

Kwetu jamyel ana heshima, hata matangani huitwa. Lakini watu wa mchumba wa dada, waliokuja kumposa, walitoka Busia, upande wa Kenya, na habari ilikuwa imewafikia.

"Tumesikia binti anacheza," mjomba wa bwana harusi alisema. "Baa gani?"

Nisiwaonee. Busia baa zilikuwa nyingi, na wao mcheza waliyemjua alikuwa wa huko. Chakula, kwon yaani ugali na mchuzi wake, kikapoa mezani. Kwetu mgeni asiyekula amekataa mchumba, na dada, niliyekuwa naye jikoni, alimpenda yule bwana kwelikweli.

Shangazi, ambaye kwa desturi ndiye msemaji wa bibi harusi, hakubishana. "Atawanawisha mikono. Mtazameni wenyewe."

Dada akatoka na jagi na beseni. Alipiga magoti mbele ya kila mgeni, akainuka, akapiga tena. Sisi wengine tukiinuka huyumba, au hushika ukuta. Yeye alipanda wima kama moshi pasipo upepo, na beseni limejaa.

Nyanya yake bwana harusi, aliyekuwa wa mwisho kunawishwa, akamwambia, "Mwanangu, hebu rudia."

Akarudia.

"Nani kakufundisha?"

"Mtoto wa Mzungu, bibi."

"Mtoto!" Akacheka, akamgeukia yule mjomba. "Wako wa baa angeshanimwagia mapajani. Lete kwon, nina njaa."

Akamega yeye kwanza.

Kama visigino vya dada viliinuka kweli, siwezi kuapa. Gauni lilikuwa refu. Shangazi alisema viliinuka, mama akakataa. Mimi nakumbuka viliinuka, lakini labda ni kwa sababu nilitaka sana wageni wakubali kula.